Sinema na Baa Chini ya Nyumba: Maji, Hewa na Sauti katika Miteremko ya Olenguruone

Ujenzi wa ukumbi mdogo wa sinema pamoja na baa chini ya nyumba ya kuishi, unaofanywa na mwenye nyumba mwenyewe badala ya mkandarasi, kwa kawaida hujadiliwa kama suala la vifaa: aina ya projekta, idadi ya spika, mbao za kaunta na taa za kupendezesha. Katika Olenguruone, mji mdogo ulio juu ya ukingo wa Mau katika Kaunti ya Nakuru, mtazamo huo haufai, kwa kuwa mahali hapa pako zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, mvua yake hupita milimita 1,000 kwa mwaka, usiku wake ni wa baridi karibu mwaka mzima, na mashamba yake ya chai, viazi na nyasi za ng'ombe wa maziwa yamelala kwenye miteremko ambako maji hayaachi kutembea, juu ya ardhi na ndani yake. Chumba kinachochimbwa katika ardhi ya namna hii ni kazi ya maji kwanza, kisha ya hewa, kisha ya sauti; picha na vinywaji huja nyuma ya hayo, na mwenye nyumba anayeupindua mpangilio huo hulipia gharama ileile mara mbili.

Ni vyema kuanza na sababu ya chumba chenyewe kuwapo. Nyumba za kaskazini mwa Marekani na za Kanada, ambako desturi ya kugeuza chumba cha chini kuwa ukumbi wa sinema ilishika mizizi, zina vyumba vya chini kwa sababu ya baridi ya ardhini: maji yaliyo kwenye udongo huganda wakati wa kipupwe, hupanuka na kuinua msingi, hivyo msingi sharti ushuke chini ya kina cha kuganda, na mjenzi aliyekwisha kuchimba hadi huko hupata chumba kizima kwa nyongeza ndogo ya gharama. Nyanda za juu za Kenya hazina hali hiyo. Umande huweza kuganda juu ya nyasi alfajiri, lakini udongo wa chini haugandi, na nyumba ya kawaida ya mawe husimama vizuri juu ya msingi usiofika mita moja, kwa hiyo kila mita inayochimbwa zaidi ya hapo ni gharama mpya isiyosaidiwa na hitaji lingine lolote. Kwenye kiwanja tambarare cha mjini Nakuru, chumba cha juu ya ardhi chenye kuta nene kingetoa giza na utulivu uleule kwa fedha chache. Mteremko ndio unaobadilisha hesabu, kwa maana nyumba inayojengwa juu ya mteremko hulazimika ama kujaziwa kifusi upande wa chini ama kuinuliwa juu ya kuta ndefu za msingi, na nafasi iliyo kati ya kuta hizo, ambayo wajenzi wengi huijaza mawe na udongo na kuisahau, ndiyo chumba kinachozungumziwa hapa.

Wazo la kuishi nusu ndani ya kilima si geni katika sehemu hii ya Bonde la Ufa. Mashimo yanayohusishwa na Wasirikwa, watu ambao masimulizi ya Wakalenjin huwataja kuwa wakazi wa zamani wa nyanda hizi, yamesambaa magharibi mwa Kenya, na baadhi yaliyochunguzwa mapema zaidi ni yale ya Hyrax Hill, nje kidogo ya mji wa Nakuru, ambako Mary Leakey alifanya uchimbuzi kuanzia mwaka 1937. Wanaakiolojia wameyaeleza kuwa mazizi ya ng'ombe yaliyochimbwa katika mteremko, yakiwa na nyumba iliyoungana na zizi ubavuni. Jambo la kuzingatiwa na mjenzi wa leo ni kwamba mlango wa zizi kwa kawaida ulielekezwa upande wa chini wa kilima, na samadi na takataka zilitupwa nje ya upande huohuo. Watu wale walielewa kwamba shimo lisilo na njia ya kutokea upande wa chini hugeuka kuwa bwawa, na maarifa hayo yanafaa kuchukuliwa kwa uzito uleule unaopewa kitabu chochote cha uhandisi.

Ardhi ya Olenguruone ina historia nyingine inayogusa suala hili. Mwaka 1941 serikali ya kikoloni ilifungua hapo makazi ya Wakikuyu waliokuwa wakiondolewa katika ardhi ya Wamaasai. Walowezi hao walikataa masharti ya ukulima na ya umiliki waliyowekewa, kiapo cha umoja kikaenea miongoni mwao, na kufikia mwaka 1950 walikuwa wamefukuzwa, baadhi wakipelekwa Yatta. Baadaye vurugu za kisiasa za miaka ya 1990 na zile za baada ya uchaguzi za 2007 na 2008 ziliwaondoa tena watu wengi katika makazi yao kwenye maeneo jirani ya Kuresoi na Molo. Nyumba ya mbao na mabati huweza kubomolewa na vifaa vyake kuhamishwa. Chumba kilichochimbwa hakihamishiki. Kwa hiyo hati ya kumiliki ardhi iliyo safi, mipaka iliyopimwa, na uhakika kwamba kiwanja hakiko ndani ya hifadhi ya msitu wa Mau ni sehemu ya msingi wa jengo hili kama yalivyo mawe yake.

Umbo linalofaa hufuata mteremko. Chukuliwe chumba cha urefu wa mita 7, upana wa mita 4 na kimo cha mita 2.4, ambacho urefu wake umeelekezwa kushuka kilima. Ikiwa ardhi inashuka mita 1 kwa kila mita 3, ukuta wa nyuma utazama kiasi cha mita 2.3 huku ukuta wa mbele ukiwa wazi karibu wote. Ukuta wa nyuma uliozama ni baridi, ni kimya na hauna dirisha, basi hapo ndipo skrini inapokaa. Ukuta wa mbele una mwanga, mlango na mteremko wa kupitishia maji machafu, basi hapo ndipo baa inapokaa, karibu na hewa na karibu na bomba la kutolea maji ya sinki. Viti husimama katikati vikitazama kilima. Mpangilio huu huamuliwa na ardhi yenyewe, na ni wa bei nafuu, kwa kuwa haudai pampu ya kuinua maji machafu, kifaa ambacho katika nyumba za tambarare ndicho hutangulia kusimama siku stima inapokatika.

Udongo wa Mau ni wa majivu ya volkano, mwepesi, wenye vinyweleo vingi, na una tabia inayowadanganya wachimbaji: ukikatwa wima wakati wa kiangazi husimama kama ukuta, lakini ukilowa hupoteza nguvu ghafla na kuporomoka. Kwa sababu hiyo uchimbaji hufaa kufanywa Januari na Februari, kingo zikatwe kwa ngazi au kwa mlalo badala ya wima, na mtu yeyote asifanye kazi peke yake ndani ya shimo linalomzidi kimo. Mita moja ya ujazo ya udongo huo ina uzito wa tani moja na zaidi, uzito unaotosha kumbana mtu kifua hata kama kichwa chake kiko nje. Tabaka la juu lenye rutuba litengwe na kurudishwa shambani, na ule wa chini utumike kutengeneza matuta upande wa chini wa nyumba.

Maji hushambulia chumba hiki kwa njia tatu, na kila moja ina dawa yake. Ya kwanza ni uzito. Maji yakijaa nyuma ya ukuta wa mita 2.4, kila mita moja ya urefu wa ukuta husukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa karibu tani 2.9, na chini kabisa kila mita mraba hubeba karibu tani 2.4. Udongo mkavu ulioshikana vizuri husukuma kwa takriban nusu ya nguvu hiyo tu, lakini udongo uliolowa na maji yaliyomo husukuma kwa pamoja, na jumla yake hupita mara mbili ya msukumo wa udongo mkavu. Ukuta wa mawe ya kuchonga unaotosha kubeba paa haukuundwa kwa msukumo wa ubavuni, kwa hiyo ukuta wa nyuma na sehemu za kuta za pembeni zilizozama zinahitaji zege lenye nondo, lililopimwa na mhandisi wa majengo kulingana na udongo wa mahali penyewe. Hata hivyo njia bora ya kupunguza uzito wa maji ni kuyakataza kukaa. Nyuma ya ukuta hujazwa kokoto za unene wa kama sentimita 30, na chini yake, katika kina kilicho chini ya sakafu, hulazwa bomba lenye matundu la kipenyo cha milimita 100, likizungushiwa kitambaa cha kuchujia kinachopitisha maji na kuzuia udongo, na kushushwa sentimita 1 kwa kila mita hadi litokeze kwenye mteremko upande wa mbele. Bomba hilo hufanya kazi mchana na usiku bila kudai umeme.

Maji ya juu ya ardhi huzuiwa mapema zaidi, kwa mfereji unaochimbwa mita kadhaa juu ya nyumba na kuyageuza yapite pembeni. Paa nalo lisisahauliwe: mvua moja ya milimita 30 juu ya paa la mita mraba 100 humwaga lita 3,000, na katika nyumba nyingi lita hizo huanguka hatua chache tu kutoka ukutani. Tangi la kuvunia maji hayo lisikae juu ya ukuta uliozama, kwa kuwa tangi la lita 10,000 huongeza tani kumi za uzito mahali pasipostahili. Vivyo hivyo choo cha shimo na shimo la maji taka visiwe upande wa juu wa chumba. Uchafu hufuata njia zilezile za chini zinazofuatwa na maji ya mvua, na hakuna rangi wala plasta itakayoficha harufu yake ukumbini.

Njia ya pili ni kufyonzwa. Mawe mengi ya kujengea yanayokatwa katika machimbo ya Bonde la Ufa ni majivu ya volkano yaliyogandamana, nayo hunyonya unyevu na kuupandisha kupitia vinyweleo vyake. Kinga yake ni lami inayopakwa upande wa nje wa ukuta kabla ya kokoto kujazwa, karatasi ya nailoni ya geji 1,000 chini ya sakafu ya zege, na tabaka la kuzuia unyevu linalounganisha hivyo viwili bila kuacha mwanya. Kazi hii hufanywa kabla ya shimo kufukiwa, au haifanyiki kabisa, kwani kinga inayopakwa ndani baadaye husukumwa na maji kutoka nyuma hadi ibambuke. Yeyote anayetafuta mahali pa kubana matumizi asibane hapa.

Njia ya tatu hutoka kwa watazamaji wenyewe. Mtu aliyeketi kwa utulivu hutoa mvuke wa kiasi cha gramu 45 kwa saa kupitia pumzi na ngozi, hivyo watu kumi wakitazama filamu ya saa mbili huacha chumbani karibu lita nzima ya maji. Ukuta uliozama hukaribia wastani wa joto la mwaka la mahali hapo, ambalo katika nyanda hizi ni la baridi, na mvuke ukiugusa hugeuka matone. Baada ya miezi michache ukungu mweusi hujitokeza nyuma ya makochi, na ukungu mwingine mwembamba huota hata juu ya kioo cha lenzi ya projekta.

Hapo maji na hewa huwa suala moja. Watu haohao kumi, kila mmoja akitoa takriban lita 18 za kaboni dioksidi kwa saa, ndani ya chumba chenye mita za ujazo 67, wangepandisha kiwango cha gesi hiyo kutoka kile cha hewa ya nje, ambacho ni kama sehemu 420 katika milioni, hadi karibu sehemu 5,800 mwishoni mwa filamu, ikiwa milango imefungwa na hakuna hewa inayoingia. Kiwango ambacho wataalamu wa majengo wamekizoea kama dalili ya hewa nzuri ni kama sehemu 1,000. Kichwa kizito na usingizi ambao watazamaji huulaumu kwa filamu ndefu mara nyingi hutokana na hewa. Ili kila mtu apate lita 8 za hewa safi kwa sekunde, chumba hiki kinahitaji mita za ujazo zipatazo 290 kwa saa, maana yake hewa yote ibadilishwe zaidi ya mara nne kila saa, na feni ndogo ya bafuni haiwezi kazi hiyo. Kinachofaa ni matundu ya kuingizia hewa karibu na sakafu upande wa baa, na bomba pana la kutolea hewa linaloanzia juu karibu na skrini na kupanda hadi juu ya paa la nyumba, likiwa na feni yenye nguvu iliyofungwa mbali na masikio ya watazamaji.

Baridi ya Olenguruone huleta hatari iliyo kubwa kuliko zote zilizotajwa. Desturi ya kuingiza jiko la makaa chumbani jioni ni ya kawaida katika nyanda za juu, na katika nyumba za mbao zenye nyufa wengi wamenusurika kwa sababu ya nyufa hizo. Chumba kilichozibwa dhidi ya maji na kelele hakina nyufa. Makaa yanayowaka hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu na kuizuia isibebe oksijeni, na katika mwinuko huu, ambako kanieneo ya hewa ni kama robo tatu tu ya ile ya pwani, mwili hauna akiba kubwa ya oksijeni ya kupoteza. Jiko la makaa lisiingie katika chumba hiki hata kwa dakika chache, na jenereta isiwekwe ndani wala karibu na tundu la kuingizia hewa. Joto lipatikane kwa njia nyingine: sakafu ya mbao juu ya zege, zulia, mablanketi kwenye viti, na watu wenyewe, kwa kuwa kila mtu aliyeketi hutoa joto la takriban wati 100, na kumi kati yao ni sawa na hita ya umeme ya kilowati moja.

Sauti ndiyo inayotofautisha ukumbi wa sinema na sebule yenye runinga kubwa. Katika vibanda vya video vya Kenya, watazamaji wengi walijifunza kupenda filamu za kigeni kupitia sauti ya msimulizi, kama DJ Afro, ambaye huisimulia filamu upya kwa Kiswahili cha mtaani. Na kile ambacho Watanzania hukiita kibanda umiza kilijaa watu hata pale ambapo picha yake ilikuwa imefifia. Funzo la historia hiyo ni kwamba neno linalosikika wazi lina thamani kuliko mngurumo unaotikisa kifua. Chumba cha mawe na zege huliua neno. Mwanafizikia wa Marekani Wallace Sabine alionyesha mwishoni mwa karne ya 19 kwamba muda ambao sauti huchukua kufifia hutegemea ujazo wa chumba na eneo la vitu vinavyofyonza sauti, na kwa kanuni yake chumba hiki cha mita 7 kwa 4, kikiwa na plasta tupu kila upande, hushikilia mwangwi kwa zaidi ya sekunde tatu, hali inayofaa kwaya ya kanisa na kuharibu mazungumzo ya filamu. Ili muda huo ushuke hadi nusu sekunde, chumba kinahitaji ufyonzaji unaolingana na mita mraba 18 zaidi za kitu kinachomeza sauti yote inayokigusa.

Sehemu kubwa ya ufyonzaji huo hutoka kwa zulia, makochi ya kitambaa na watazamaji. Kinachobaki hujengwa kwa fremu za mbao za saiprasi zenye kina cha sentimita 10, zikijazwa sufu na kufunikwa kitambaa chepesi, kisha kutundikwa kwenye kuta za pembeni na kwenye dari. Molo, iliyo jirani, inajulikana kote nchini kwa kondoo wake, na sufu iliyooshwa na kukaushwa vizuri hufanya kazi hii kwa ustadi, tena haishiki moto upesi. Sifongo la magodoro, ambalo huvutia kwa bei yake, lisitumike kabisa. Usiku wa tarehe 20 Februari 2003, katika ukumbi wa The Station huko West Warwick, jimbo la Rhode Island, Marekani, fataki za jukwaani ziliwasha sifongo lililobandikwa ukutani kwa ajili ya sauti, na watu 100 wakafa kwa moto na moshi wakati umati ukigombania mlango mmoja mkuu. Mkasa huo ndio hoja nzito ya kuwa na njia ya pili ya kutoka, hata kama ni ngazi nyembamba inayopanda ndani ya nyumba, na ya mlango wa mbele kufunguka kuelekea nje.

Vipimo vya chumba navyo huathiri sauti nzito. Kila urefu kati ya kuta mbili hukuza masafa yake: kwa mita 7 ni kama hezi 24, kwa mita 4 hezi 42, kwa kimo cha mita 2.4 hezi 71, na kwa kuwa namba hizi zimeachana, si rahisi noti moja kuvimba sana kupita nyingine. Chumba cha mraba, au chenye urefu ulio maradufu ya upana wake, hurundika masafa hayo mahali pamoja, na spika ya bei yoyote haiwezi kuliondoa tatizo lililojengwa kwa mawe.

Kuhusu picha, maelezo machache yanatosha. Skrini ya inchi 100, yenye upana wa mita 2.2, hutazamwa vizuri kutoka mita 4 hivi, umbali unaoacha nafasi ya kutosha ya baa nyuma ya viti. Katika giza kamili, lumeni 500 za kweli, lumeni ikiwa ni kipimo cha jumla ya mwanga unaotoka kwenye projekta, huupa ukubwa huo mng'ao unaokaribia wa kumbi za kulipia. Matangazo ya maelfu ya lumeni kwenye projekta za bei rahisi hayana maana katika chumba kilichojengwa vizuri. Ukuta wa skrini upakwe rangi isiyong'aa, na dari ya mbele iwe ya rangi nzito ili isirudishe mwanga.

Umeme, kwa upande mwingine, haustahili haraka. Nyanda kati ya Kericho, Nandi na Mau zina ngurumo za radi na mvua ya mawe kwa wingi, miti huangukia nyaya, na stima hukatika na kurudi kwa mshtuko. Chumba cha chini chenye sinki na watu wenye vikombe mikononi kinahitaji swichi ya kinga inayokata umeme pindi unapovuja kwa kiasi cha miliampia 30, waya wa ardhi uliopimwa, na kifaa cha kuzuia mshtuko wa radi kwenye bodi kuu. Sheria inataka kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, na hapa sheria na busara zinakubaliana.

Baa huleta swali la aina nyingine, kwa kuwa sinema huwapanga watu wakitazama upande mmoja, ilhali kinywaji huwapanga wakitazamana. Wazee wa Kipsigis, sawa na majirani zao wengi wa magharibi mwa Kenya, walikunywa pombe ya wimbi kutoka chungu kimoja kwa mirija mirefu, wameketi mduara, na kikao hicho kilikuwa na taratibu za nani aketi wapi na nani azungumze lini. Kaunta iliyo nyuma ya viti, juu ya sakafu iliyoinuliwa sentimita 30, huruhusu namna zote mbili: aliyeketi kwenye stuli huiona skrini juu ya vichwa vya wengine, na filamu inapokwisha viti hugeuzwa kuelekea kaunta. Kimo cha kaunta cha sentimita 110 na stuli za sentimita 75 vinatosha. Mianzi, ambayo huota kwa wingi katika misitu ya Mau, hupendeza kwenye uso wa kaunta ikiwa imenunuliwa kwa njia halali na kutibiwa dhidi ya wadudu. Friji kubwa haihitajiki. Wanywaji wengi wa maeneo ya baridi huagiza bia isiyopozwa, na chumba chenyewe kina ubaridi wa kutosha kuhifadhi vinywaji, mbali na kwamba mngurumo wa friji huingia katika kila tukio la kimya la filamu.

Ni lazima isemwe pia kwamba familia nyingi za Olenguruone ni za makanisa yasiyoruhusu pombe, na kwamba katika mji uliozungukwa na mashamba ya chai, kaunta ya chai, maziwa na mursik, yaani maziwa yaliyochachushwa, ni baa kamili isiyohitaji kuombewa radhi. Kwa nyumba itakayoweka pombe, kabati lenye kufuli na kaunta inayoonekana kutoka ndani ya nyumba ni bora kuliko chumba kilichojificha, kwa sababu unywaji wa faraghani usioonwa na mtu ndio unaokua bila kizuizi, na watoto watakaokuja kutazama katuni mchana hutumia chumba kilekile.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti jukumu la kutoa leseni za pombe na la kusimamia sinema na maonyesho ya video, mambo hayo yakitajwa karibu karibu katika orodha moja. Chumba cha familia hakihusiki na leseni hizo mradi hakiuzi kitu. Lakini katika kijiji, chumba chenye skrini kubwa na spika nzuri hakibaki cha familia peke yake. Siku ya mechi kubwa ya Ligi Kuu ya Uingereza majirani huja, mwenye nyumba huona haya kuwakataa, na punde mtu hupendekeza kila mmoja atoe shilingi hamsini za stima na soda. Hapo nyumba imevuka mpaka. Kuuza pombe bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ambayo Wakenya huihusisha na John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha katika kaunti hiihii. Kuonyesha filamu kwa umma huangukia Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani na Bodi ya Uainishaji wa Filamu. Na usajili wa runinga ya kulipia uliochukuliwa kwa matumizi ya nyumbani hauruhusu kutoza watazamaji. Ukarimu kwa majirani ni jambo jema na chumba hiki kitautumikia vizuri zaidi kama hakuna anayelipa.

Linabaki swali la kiasi gani mwenye nyumba aweza kufanya kwa mikono yake. Kibali cha ujenzi cha kaunti hakiepukiki, wala michoro ya mhandisi. Ukuta wa zege unaoshika kilima, slabu ya juu na umeme ni kazi tatu za kuwaachia wenye ujuzi, kwa kuwa kosa lake huua. Nje ya hizo, eneo la kazi ni pana kuliko wengi wanavyodhani: kuchimba na kusawazisha pamoja na vibarua, kulaza bomba la matundu na kokoto, kupaka lami, kuchimba mifereji, kutengeneza fremu za sufu, kujenga kaunta, kupaka rangi, kupanga spika na kupima sauti kwa masikio na kwa programu ya simu. Kazi ya lami na kokoto, hasa, huwa bora inapofanywa na atakayeishi na matokeo yake, maana fundi wa kulipwa kwa siku hana sababu ya kuziba tundu ambalo halitaonekana tena baada ya jioni hiyo.

Baada ya shimo kufukiwa na slabu kumwagwa, chumba kiachwe kitupu kupitia msimu mzima wa masika, ambao katika nyanda hizi huanza Machi na mara nyingi huendelea hadi Agosti. Kuta zikaguliwe kila wiki, sehemu zenye unyevu ziwekewe alama kwa chaki na tarehe, na mdomo wa bomba la nje uangaliwe kama unatoa maji safi au yenye udongo, kwa sababu maji yenye udongo huonyesha kwamba kitambaa cha kuchujia kimetoboka na ardhi nyuma ya ukuta inaliwa. Kasoro inayogunduliwa wakati huo hurekebishwa kwa jembe na siku chache za kazi. Plasta ya ndani, sakafu ya mbao na fremu za sufu huingia kiangazi kinachofuata, kaunta baada ya hizo, na projekta hununuliwa mwisho kabisa, wakati chumba kimekwisha kukauka.